Kisanduku Kilichoandikwa "Hatari Ndogo"

Mwaka wa mwisho wa masomo yangu ya biashara ya kimataifa tulipewa kazi ya vikundi: chagueni nchi, chagueni bidhaa, kisha chunguzeni mazingira ambamo kampuni inayouza bidhaa hiyo nje inafanya kazi. Tulikuwa wanne. Tukachagua Uswisi na saa za mkono, na sababu yenyewe ilikuwa uvivu. Taarifa zilikuwa nyingi, takwimu zimepangwa vizuri, na hakuna kati yetu aliyetaka kuhangaika na nchi ambayo serikali yake ingeweza kuanguka kabla hatujamaliza kuandika.

Tukatumia mbinu ambayo kila aliyepita kwenye somo hili anaijua, PESTEL: siasa, uchumi, jamii, teknolojia, mazingira ya asili na sheria. Visanduku sita, watu wanne. Tukagawana kama watu wanaogawana zamu za kufagia. Mimi niliangukia uchumi. Nikaandika pato la taifa, mfumuko wa bei, ajira, kisha nikafika kwenye sarafu, ambayo ndiyo ilinichukua muda mfupi kuliko vyote. Tangu Septemba 2011 Benki Kuu ya Uswisi ilikuwa imeweka sakafu: euro moja isishuke chini ya faranga 1.20, na benki ilisema ingenunua euro bila kikomo ili kuilinda. Nikajaza kisanduku changu: "Hatari ya sarafu: ndogo." Tukakusanya kazi wiki ya tatu ya Desemba 2014, tukaenda likizo.

Januari 15, 2015, asubuhi, sakafu ikaondolewa. Siku tatu tu kabla yake makamu mwenyekiti wa benki hiyo alikuwa ametamka hadharani kwamba sakafu ingebaki kuwa nguzo ya sera yao. Ndani ya dakika chache faranga ilipaa kiasi kwamba kwa muda euro moja haikufikisha hata faranga moja. Watengenezaji wa saa, wanaolipa mishahara kwa faranga na kuuza sehemu kubwa ya mali yao nje, walikuta bidhaa zao zimepanda bei bila mtu kugusa kibandiko cha bei. Mkuu wa kampuni ya saa ya Swatch, Nick Hayek, akaliita jambo hilo tsunami. Mimi niliisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa kwenye foleni ya maktaba, na jambo la kwanza nililofikiri halikuwa Uswisi. Nilifikiri kwamba alama bado hazijatoka.

Mhadhiri wetu alikuwa mama mmoja mpole ambaye upole wake ulituogopesha kuliko ukali wa wengine. Aliingia darasani na kazi yetu mkononi. Tulijitayarisha kujitetea kwamba hakuna aliyebashiri, na yeye akatutangulia: "Hata wenye fedha zao hawakulibashiri. Siwaulizi hilo." Kisha akauliza maswali ambayo nimeyabeba hadi leo. Sakafu hii inashikiliwa na nani? Anaishikilia kwa gharama gani? Na ni kitu gani kingemfanya achoke? Akamalizia, "Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda naye ni mtu, anaweza kuacha."

Niliporudi kwenye nyenzo zangu nikaona kwamba majibu yote yalikuwemo, ila yalikaa mbalimbali. Benki inayouza faranga ili inunue euro hurundika euro. Kwa wakati ule Benki Kuu ya Ulaya ilikuwa ikielekea kununua dhamana (hati za mikopo) kwa wingi, hatua ambayo hulegeza sarafu, na kweli Januari 22, wiki moja baada ya sakafu kuondolewa, ilitangaza ununuzi wa euro bilioni 60 kila mwezi. Euro ikizidi kulegea, kazi ya Waswisi ingekuwa kumwaga maji kwenye mtungi uliotoboka. Desemba 18, wiki ileile tuliyokusanya kazi, Benki Kuu ya Uswisi ilitangaza riba hasi ya asilimia 0.25 ili kuwakatisha tamaa wanaokimbilia faranga. Habari hiyo niliisoma, tena nikaitumia kama ushahidi kwamba benki imedhamiria. Nilimwona mtu anaongeza nguzo kwenye nyumba yake nikasema nyumba hii ni imara. Sikujiuliza kwa nini anaongeza nguzo.

Kilichonikera zaidi kilikuwa kwenye kisanduku cha jirani. Mwenzangu aliyepewa siasa alikuwa ameandika, vizuri kabisa, kuhusu kura ya maoni ya Novemba 30, 2014, ambamo wananchi wa Uswisi waliulizwa kama benki kuu yao ilazimishwe kuweka angalau asilimia 20 ya mali yake kwenye dhahabu. Zaidi ya robo tatu ya wapiga kura walikataa, naye akahitimisha kwamba hali ya kisiasa ni tulivu. Lakini swali lenyewe lilitosha kuonyesha kwamba mlima wa fedha za kigeni pale benki kuu ulikuwa umeshakuwa ugomvi wa kisiasa. Kisanduku chake na changu vilipakana kwenye ukurasa mmoja. Sikukisoma chake, naye hakusoma changu. Na sababu kubwa kuliko zote ilitoka Frankfurt, yaliko makao ya Benki Kuu ya Ulaya, ambako hatukuwa na kisanduku kabisa, kwa kuwa kazi ilisema "chagueni nchi" na sisi tulichagua moja.

Tulipata alama za wastani. Haki yetu.

Tangu siku hiyo nikawa na tabia ambayo wenzangu waliicheka. Badala ya kujaza jedwali, nilichora kamba. Tukio hapa, kamba kwenda kwa anayelipa, kamba nyingine kwenda kwa anayeamua, nyingine kwa yule ambaye hatajwi lakini akiamka vibaya kila kitu kinasimama. Karatasi zangu zilifanana na wavu wa mvuvi mlevi. Ila zilinisaidia kuanza kutilia shaka visa ambavyo somo hili hupenda kuvisimulia.

Kwa mfano Walmart, kampuni ya Marekani ya maduka makubwa, nchini Ujerumani. Waliingia mwishoni mwa 1997 kwa kununua maduka yaliyokuwepo, wakatoka mwaka 2006 kwa kuuza maduka 85 kwa kampuni ya Metro. Karibu kila mahali utakapokutana na kisa hiki utaambiwa habari ya tabasamu: wafanyakazi walitakiwa kuwachekea wateja na kuwapokea mlangoni, Wajerumani wakaona ni unafiki, biashara ikafa. Wanafunzi tunakipenda kwa kuwa kinachekesha na kinaingia barabara kwenye kisanduku cha utamaduni. Nilipokichorea kamba nikaona mengine. Silaha ya Walmart ni bei ya chini, na Ujerumani tayari ilikuwa na Aldi na Lidl, mabingwa wa bei ya chini. Sheria ya ushindani ya huko haimruhusu mfanyabiashara mwenye nguvu sokoni kuuza chini ya gharama bila sababu ya msingi, na mwaka 2000 mamlaka ya ushindani iliziamuru Walmart, Aldi Nord na Lidl kupandisha bei za baadhi ya bidhaa za kila siku. Saa za kufungua maduka nazo zilibanwa na sheria. Mwaka 2005 mahakama ya kazi ikakataa sehemu ya kanuni za maadili za kampuni, ikiwemo ile iliyoingilia mapenzi kati ya wafanyakazi. Sikatai kwamba utamaduni ulikuwemo. Ninachosema ni kwamba tabasamu peke yake halifungi maduka 85.

Kuhusu utamaduni nami nina aibu yangu. Kuna vipimo maarufu vinavyoipa kila nchi alama: watu wake wanakubali tofauti za madaraka kiasi gani, wanajali nafsi au kundi, wanaogopa yasiyotabirika kiasi gani. Chimbuko lake ni maswali yaliyoulizwa wafanyakazi wa IBM katika nchi nyingi kati ya 1967 na 1973. Nilipoanza kazi nilijiandaa kwa mazungumzo yangu ya kwanza na muuzaji wa nje kwa kukariri alama za nchi yake. Nikapanga kuanza taratibu, salamu ndefu, mambo ya familia, bei baadaye. Dada aliyekuja alisalimia kwa sekunde kumi, akafungua kompyuta na kuuliza tunataka tani ngapi. Baadaye nikaja kujua kwamba alikulia nchi nyingine, akasomea ya tatu na kufanya kazi ya nne. Alama zangu zilikuwa za wastani wa watu ambao yeye hakuwahi kuwa mmoja wao. Tukaelewana, lakini kwa mwendo wake.

Kazi hiyo ilikuwa idara ya manunuzi ya kampuni iliyoagiza vipuri vya mitambo. Hapo ndipo nilipogundua kwamba kwenye kisanduku cha sheria nilikuwa nimezoea kuweka mabunge na mahakama tu, kumbe kuna sheria ambazo hakuna bunge lolote lililozipitisha, na zinauma vilevile.

Mwaka 2018 tuliagiza beringi kwa masharti ya CIF. Kontena likafika, tukalifungua, na nusu ya masanduku yalikuwa yamelowa. Paa la kontena lilikuwa na tundu dogo ambalo hata kidole hakipiti, na maji ya bahari yalikuwa yamepenya njia nzima. Beringi zilikuwa zimeshika kutu. Bosi akaniita. Nikamwambia kwa kujiamini, "Mzee, usiwe na wasiwasi. CIF maana yake muuzaji amelipa nauli na bima mpaka bandari ya kufikia. Hasara ni yake." Nikaandika barua kali. Jibu lilikuwa la sentensi mbili, la adabu, na lilinifanya nikafungue kitabu ambacho nilikuwa nimekifanyia mtihani.

Maneno haya, CIF, FOB na ndugu zake, ni sehemu ya Incoterms, kanuni ambazo Chemba ya Kimataifa ya Biashara yenye makao Paris imekuwa ikizitoa tangu 1936. Chini ya CIF muuzaji hulipa nauli na bima hadi bandari ya kufikia, ni kweli. Lakini hatari humhamia mnunuzi pale mzigo unapopakiwa melini kwenye bandari ya kuondokea. Nauli ya muuzaji inasafiri hadi mwisho. Dhamana yake inabaki gatini. Nilikuwa nimesoma sentensi hiyo, nimeipigia mstari, na nilipata alama zote za swali hilo. Sikuwahi kuifikiria ikiwa na maji ya bahari ndani yake.

Basi, nikasema, bima ipo. Hapo nikapata kofi la pili. CIF humtaka muuzaji akate bima ya kiwango cha chini kabisa, yaani masharti ya shehena ya daraja C. Daraja hilo hulipa kwa moto, mlipuko, meli kukwama, kuzama, kupinduka, kugongana, na mengine machache ya aina hiyo. Maji ya bahari kuingia ndani ya kontena yamo kwenye daraja B, na daraja A linabeba zaidi. Sisi tulikuwa na C, kwa sababu hatukuomba kingine, na hatukuomba kwa sababu mimi sikujua kwamba kuna cha kuomba. Toleo la mwaka 2020 la kanuni hizo lilipotoka nililisoma neno kwa neno: kwa CIP, ndugu yake CIF anayefaa zaidi kwa makontena, kiwango cha chini kilipandishwa hadi A, kwa CIF kimeachwa C. Sasa hivi nikiona mtu anaagiza kontena kwa CIF kwa mazoea tu, mwili unanisisimka.

Bosi hakunifukuza. Alikata bei ya zile beringi zilizookoka, akaziuza, na kwa miezi kadhaa kila mkataba ulipoletwa mezani alinisogezea kimya kimya, kidole chake kikiwa juu ya herufi tatu.

Machi 2021 ikatupa somo ambalo hakuna mhadhiri angeweza kulitunga. Tarehe 23 meli ya Ever Given ilikwama kwenye Mfereji wa Suez, ikaziba njia kwa siku sita, hadi tarehe 29. Shehena yetu ilikuwa kwenye meli nyingine, nyuma yake, kwenye foleni iliyofika zaidi ya meli 400. Siku moja wakati wa chakula cha mchana mwenzetu wa uhasibu akauliza swali jepesi: "Kwani hii meli ni ya nchi gani?" Tulilijibu mpaka saa ya kurudi kazini ikapita. Mmiliki ni kampuni ya Japani. Anayeiendesha kibiashara ni Evergreen ya Taiwan. Bendera ni ya Panama. Usimamizi wa kiufundi uko kwa kampuni ya Ujerumani. Mabaharia ni Wahindi. Bima ya dhima yake iko Uingereza. Ilikuwa inatoka Asia kwenda Rotterdam, na imekwama Misri. Mhasibu akauliza tena, "Sasa mtu akitaka kushtaki aende wapi?" Hapo hatukucheka tena, maana ndilo swali la kisheria lenyewe, na watu walilipwa fedha nyingi kulijibu.

Waliokuwa na mizigo ndani ya meli ile walikutana na jambo la ajabu zaidi. Mmiliki alitangaza kanuni ya kale ya baharini ya kuchangia hasara ya pamoja: gharama za kuiokoa meli na shehena hugawanywa kwa wote ambao mali yao iliokolewa, kila mmoja kwa thamani ya alichonacho. Kwa hiyo mtu ambaye kontena lake halikuvunjika hata kona alitakiwa aweke dhamana kabla ya kupewa mzigo wake. Asiye na bima alitakiwa kutoa mfukoni. Na meli yenyewe ilizuiliwa Misri hadi Julai 7, wakati mamlaka ya mfereji na wamiliki wakibishana kuhusu fidia. Mizigo isiyo na kosa lolote ikakaa miezi zaidi ya mitatu. Niliwaza zile beringi zangu nikaona tulipata ajali nafuu.

Kuna mambo ambayo niliyasoma yakawa sahihi, kisha yakaacha kuwa sahihi bila kuniaga. Kwenye daftari langu la chuo kuna ukurasa mzuri kuhusu Shirika la Biashara Duniani, lililoanza 1995: nchi ikionewa inashtaki, jopo linaamua, asiyeridhika anakata rufaa, uamuzi wa rufaa ni wa mwisho. Nilikuwa naueleza utaratibu huo kwa wageni wa kazini kwa miaka. Tangu Desemba 2019 chombo cha rufaa kimekosa wajumbe wa kutosha kusikiliza kesi, kwa kuwa Marekani ilizuia uteuzi wa wapya. Nchi inayoshindwa inaweza kukata rufaa mahali ambapo hakuna wa kuisikiliza, na kesi ikaning'inia hapo. Baadhi ya wanachama wamejitengenezea utaratibu wao wa muda. Nilichora mstari kwenye ukurasa ule, nikaandika tarehe pembeni. Sasa kila ninachoandika kuhusu taasisi nakiwekea tarehe, kama dawa.

Nimeshahamia kampuni nyingine. Tunauza nati, bolti na skrubu za chuma, na baadhi ya wateja wetu wako Umoja wa Ulaya. Mwanzoni mwa 2024 mteja mmoja wa siku nyingi alituma barua pepe ambayo haikuwa na oda. Alitaka kujua kila tani ya bolti zetu imezalisha hewa ukaa kiasi gani. Alitaka kujua chuma chake kiliyeyushwa kwenye tanuru la aina gani, la makaa au la umeme, na nchi gani. Alitaka pia umeme uliotumika.

Mwenzangu wa mauzo alidhani ni dodoso la watu wa mazingira, akataka kulijibu kwa aya mbili kuhusu miti tuliyopanda. Nikamzuia. Tangu Oktoba 1, 2023 Umoja wa Ulaya ulikuwa umeanza hatua ya mpito ya utaratibu wake wa tozo ya kaboni mpakani: waagizaji wa saruji, chuma, alumini, mbolea, umeme na haidrojeni walipaswa kutoa taarifa kila robo mwaka, na malipo yenyewe kuanza kwa mizigo ya mwaka 2026. Bolti na skrubu zimo kwenye orodha, zimetajwa kwa namba ya forodha. Mteja wetu hakuwa anatuuliza kwa udadisi. Asingeweza kujaza fomu yake bila sisi.

Na sisi tusingeweza kumjibu bila yule anayetuuzia fimbo za chuma, ambaye naye hununua kutoka kiwandani. Nikaandika. Muuzaji akajibu kwamba hiyo ni siri ya biashara. Nikaandika tena, safari hii nikamwambia ni wateja wangapi wa kwetu watakaokoma kununua, na kwamba washindani wake wawili wameshatuma zao, jambo ambalo lilikuwa kweli kwa mmoja. Zikapita wiki tano. Siku moja ikaja Excel yenye karatasi saba, kizio kimoja kikiwa cha kilo na kingine cha tani, na safu moja tupu iliyoandikwa "umeme." Nikapiga simu. Fundi aliyepokea alikuwa mchangamfu. Akaniambia umeme wao hutoka kwenye gridi, ila miezi ya ukame mabwawa yanaposhuka huwasha jenereta zao wenyewe, na hizo hakuna aliyewahi kuzipima.

Nilikaa na simu mkononi. Mvua za nchi nyingine, mabwawa yake, jenereta za kiwanda nisichowahi kukiona, fomu ya mteja wa bara jingine, na tozo ambayo wakati huo ilikuwa bado haijaanza. Kwa mazoea ya zamani nikajaribu kuamua niiandike wapi: mazingira, sheria, uchumi au siasa. Nikaihifadhi kwenye faili la bolti, nikamwomba fundi anitafutie risiti za dizeli.